Subaru ya kila siku Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu stesheni wagoni za Subaru zinazoingia nchini zikiwa zimetumika Japani: Impreza ya 2000 hadi 2007 (GG), Legacy ya 2003 hadi 2009 (BP) na Forester ya 2002 hadi 2007 (SG). Karibu zote zina injini ya familia ya EJ, kwa hiyo ugonjwa wa moja ni ugonjwa wa nyingine. Pale zinapotofautiana tumeeleza.

## Kuchagua na kununua

1. Ipi inafaa zaidi kwa mizunguko ya huku?

Angalia kwanza barabara unayopita mara nyingi, umbo lije baadaye. Anayezunguka Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi yuko kwenye lami karibu muda wote. Huyo Impreza isiyo na turbo inamtosha, na ndiyo nafuu kuliko zote kuinunua na kuitunza. Anayekwenda Dar mara kwa mara ataipenda Legacy kwa sababu imetulia barabarani na haichoshi mgongo.

Ukiwa na shamba ndani ya Newala au Tandahimba, au kazi yako inakupeleka Liwale, chukua Forester. Impreza na Legacy za kawaida zimeinuka sentimita 15 hivi kutoka ardhini, Forester inakaribia 20. Hizo sentimita tano ndizo zinazotenganisha gari linalopita juu ya tuta la katikati ya njia na gari linaloliburuza kwa tumbo. Legacy Outback nayo ina sentimita 20, ila haipatikani kirahisi.

2. Turbo au isiyo na turbo?

Kwa gari la kila siku, isiyo na turbo. Turbo za Japani ziliundwa kwa petroli ya oktani (kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kugonga) ya juu, karibu 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko. Kompyuta hujaribu kurekebisha, lakini ukikanyaga sana kwenye joto injini hugonga, na kinachopasuka ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Hapo ni kufungua injini nzima.

Kama moyo umeshaangukia turbo, endesha kwa adabu, tumia oili ya sinthetiki, na mwambie fundi asafishe kichujio kidogo kilicho ndani ya bolti ya bomba la oili linaloenda kwenye turbo. Kikiziba, turbo hukosa oili na kufa hata kama oili imejaa.

Angalizo: Legacy 2.0R haina turbo, lakini nayo iliandikiwa petroli ya oktani ya juu. Ya kuchukua bila wasiwasi ni 2.0i.

3. Kila Impreza inavuta magurudumu yote manne?

Hapana, na wengi hugundua wakiwa wameshalipa. Baadhi ya Impreza za 1.5 zinavuta mbele tu. Chungulia chini kwa nyuma: kama hakuna difu wala shafti inayotoka kwenye gia boksi, hiyo ni ya mbele tu. Si gari baya, ila bei yake isiwe ya magurudumu manne.

4. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeshaliwasha gari "ili lipashe" amekuficha nusu ya mambo.

Fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi safi ya kulanti (dawa ya kupozea injini); kutu, mafuta yanayoelea au maji matupu ya bomba ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Kifunge tena, washa, acha kifuniko cha tanki dogo la akiba wazi, subiri feni izunguke mara mbili. Mapovu yakiendelea kupanda mfululizo injini ikiwa ya moto, gasketi ya silinda hedi inavuja.

Kisha lala chini utazame maungio ya injini pande zote mbili. Unyevunyevu wa oili kwenye tapeti kava ni wa kawaida kwa umri huu na si ghali. Oili na kulanti zikichuruzika pamoja pale hedi inapokutana na bloku ni jambo jingine.

Zungusha usukani mpaka mwisho na uendeshe polepole kwa duara, kushoto na kulia. Mlio wa kakakaka mbele ni CV joint, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu. Gari likikazakaza kama umeshika breki, soma swali la 14. Halafu soma tarehe kwenye tairi zote nne na linganisha kashata zake, yaani meno ya tairi.

Mwisho, makaratasi. Namba ya chesesi ifanane na kadi, na namba ya gari itazamwe kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya trafiki. Usidanganywe na "namba E": herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa, haisemi lilitumika vipi kule.

5. Nikiagiza mwenyewe, ushuru unaangalia nini?

Thamani, ukubwa wa injini na umri. Injini iitwayo 2.0 ina cc 1994, hivyo inabaki chini ya mpaka wa 2000. Ile ya 2.5 ina cc 2457 na hupanda daraja. Zote hizi zina zaidi ya miaka 10, kwa hiyo uchakavu umo kwenye hesabu. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kumtumia mtu fedha.

## Injini

6. Oili gani, lita ngapi, kila baada ya kilomita ngapi?

Lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta. 5W-30 ndiyo ya kiwandani. Injini iliyotembea sana kwenye joto la pwani inakubali 5W-40 au 10W-40. Badilisha kila kilomita 5,000, turbo mapema zaidi.

Silinda za Subaru zimelala pembeni, na oili huchelewa kurudi chini. Pima gari likiwa sehemu tambarare, limezimwa kwa dakika kumi, na usome pande zote mbili za dipstiki. Injini hizi hunywa oili kidogo kidogo bila moshi wa kuonekana, kwa hiyo pima kila unapojaza mafuta, na usiondoke Mtwara kwenda Dar bila lita moja kwenye buti.

7. Nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua. Ni hatari?

Mara nyingi ni tapeti kava inayodondoshea oili kwenye bomba la ekzosi lililo chini yake. Badilisha gasketi za pande zote mbili pamoja na raba za mashimo ya plagi, na raba za bolti pia. Fundi akiacha hizo za bolti, mvujo unarudi. Ukiona moshi na si harufu tu, usisubiri mwisho wa mwezi.

8. Mkanda wa taimingi ubadilishwe lini?

Kiwanda kinasema kilomita 100,000. Dashibodi ya gari lililotumika si ushahidi, kwa hiyo ukinunua bila uthibitisho, badilisha. Tafuta stika ndani ya boneti: mafundi wa Japani wana kawaida ya kubandika tarehe na kilomita za siku mkanda ulipofungwa. Ukikatika, vavu hukutana na pistoni.

Nunua seti nzima: mkanda, tensheni, rola zote, pampu ya maji na termostati. Wanaonunua mkanda peke yake huokoa hela kidogo, kisha rola yenye beringi kavu hukwama na kuukata mkanda mpya.

Makosa ya fundi asiyezoea Subaru ni mawili. La kwanza ni kufuata mishale iliyochorwa kwenye gia za kamshafti na krenki. Alama za taimingi ni vile vistari vidogo. Mishale ina kazi nyingine. La pili ni kuibana tensheni kwa haraka. Isimamishwe wima kwenye presi, ibanwe taratibu mpaka tundu la pini lionekane; ikiminywa kwa pupa, sili ya ndani hupasuka. Baada ya kufunga, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi.

9. Gari linachemsha. Hedi imekwisha?

Si lazima. Subaru hushika hewa kwenye mfumo wa maji kuliko magari mengi, na nyingi zinazopelekwa kufunguliwa hedi zilijazwa maji vibaya tu. Anza na kutoa hewa. Gari likiwa limepoa, inua pua kidogo, fungua skrubu ndogo ya hewa iliyo juu kwenye kona ya rejeta, kisha mimina kulanti polepole mpaka itoke hapo bila mapovu na ufunge. Washa, weka hita kwenye joto la mwisho, shika mizunguko kama 2,500 kwa dakika chache, zima, acha ipoe kabisa, ongeza. Rudia mpaka kiwango kisishuke tena. Turbo hujazwa kupitia tanki lake la juu, si kwenye rejeta.

Kama bado inachemsha, tazama inachemsha wapi. Mjini kwenye foleni lakini si barabara kuu: feni, au rejeta iliyoziba vumbi na wadudu kwa nje. Barabara kuu kwenye mwendo mrefu, kisha joto linashuka ukipunguza: hapo ndipo gasketi ya hedi inaposhukiwa, pamoja na mapovu ya swali la 4. Termostati feki nayo hufanya hivyohivyo, na ni rahisi kuitoa kwanza.

Usijaze maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya pwani yana chumvi, na injini hii ni ya alumini. Changanya kulanti na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu. Na usikubali ushauri wa kutoa termostati "ili ipoe zaidi". Injini itafanya kazi baridi, itakula mafuta, na tatizo lenyewe litabaki limejificha.

10. Kwa nini fundi analipisha zaidi kubadilisha plagi nne tu?

Kwa sababu ziko ubavuni, zimebanwa na fremu ya gari. Lazima betri itoke upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande mwingine, kisha kazi ifanyike kwa soketi ya 16 na viungio vifupi. Injini iwe ya baridi. Uzi wa hedi ya alumini hung'oka ukiwa wa moto. Mlipe.

## Tairi, gia na magurudumu manne

11. Ni kweli tairi zote nne lazima zifanane?

Ndiyo, na hapa ndipo wenye Subaru wengi hupotezea fedha. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa muda wote kupitia klachi au kapulingi iliyo ndani ya gia boksi. Tairi ndogo huzunguka haraka kuliko kubwa, na tofauti hiyo humezwa na hiyo klachi kila mita unayotembea, mpaka iungue.

Kiwango kinachokubalika ni tofauti ya mzingo isiyozidi milimita 6.4. Kashata ikipungua milimita 1, mzingo hupungua milimita 6.3. Yaani tofauti ya milimita moja tu ya kina tayari iko mpakani. Nunua tairi nne za aina moja kwa pamoja, zihamishe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na upepo uwe sawa na karatasi iliyo kwenye mlango wa dereva. Kufunga mbili mpya mbele "za kusogeza siku" ni ubahili wa gharama kubwa.

12. Nikipata pancha njiani, kati ya Nangurukuru na Mbwemkuru kwa mfano, nifanyeje?

Kama spea yako ni ile nyembamba ya muda, ifunge nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, hamisha tairi zima la nyuma liende mbele. Kwenye otomatiki nyingi za miaka hii kuna kisanduku kidogo ndani ya boneti kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi ya ampea 15, magurudumu ya nyuma huachiwa na taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi. Usizidi kilomita 80 kwa saa, na toa fyuzi ukirudisha tairi la kawaida.

Manyuo na turbo nyingi hazina nafasi hiyo. Kwa safari za huku suluhisho ni kubeba spea ya ukubwa kamili iliyochakaa sawa na zilizo chini.

13. Rimu za Premio au Allion zinaingia? Matundu yanalingana.

Matundu matano ya 100 yanalingana kweli, lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1. Rimu haitakaa mpaka ichongwe kwenye mashine ya leith. Nati nazo hazibadilishani: uzi wa Subaru ni 1.25, wa Toyota 1.5. Nati ya Toyota itaingia mizunguko miwili mitatu, kijana ataikaza kwa nguvu, na stadi imeharibika.

14. Nikikata kona kali polepole gari linakaza na kurukaruka.

Klachi ya magurudumu ya nyuma haiachii. Pima tairi kwanza (swali la 11). Kama ziko sawa, badilisha oili ya gia na utembee siku chache. Nyingi hupona hapo. Chomeka fyuzi ya FWD kama ipo: likiachia, umeme wake ni mzima, lisipoachia, ni solenoidi au klachi yenyewe. Usiendelee kuliendesha hivyo kwa miezi, difu ya nyuma na shafti nazo zinaumia.

15. Fundi alibadilisha oili ya injini, sasa gia inateleza.

Inawezekana alifungua nati isiyo yake. Chini ya Subaru otomatiki kuna nati tatu zilizokaribiana: ya injini, ya gia boksi, na ya difu ya mbele ambayo ina oili yake peke yake. Akimwaga ya gia kisha akaongeza ya injini juu, injini ina oili maradufu na gia ni tupu. Zima, vuta gari, usijaribu "kulifikisha nyumbani".

Vipimo: difu ya mbele lita 1.2 na ya nyuma lita 0.8, zote 75W-90 ya GL-5. Gia boksi hubeba lita 9 na ushei, lakini ukimwaga hutoka nusu tu, kwa hiyo mwaga na ujaze mara mbili au tatu kwa siku tofauti.

16. Livutweje likiharibika?

Magurudumu manne yote yawe juu ya kibebeo. Kuinua mbele na kuburuza nyuma huunguza klachi.

## Barabara zetu

17. Mtwara hadi Dar linatumia mafuta kiasi gani?

Ni kilomita 560 hivi. Injini ya 2.0 isiyo na turbo kwa mwendo wa kistaarabu hutoa kilomita 10 hadi 11 kwa lita, yaani lita 51 hadi 56. Legacy ina tanki la lita 64 na Forester 60, hivyo unafika bila kujaza, ingawa ukifika na Forester sindano itakuwa imelala. Turbo ihesabie kituo kimoja. Vijiji ni vingi na vya kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo mbio za gari hili hazikufikishi mapema sana.

18. Linaweza kuingia ufukweni Msimbati?

Linaweza, kama mwenye gari anajua ratiba ya maji. Ingia maji yakiwa yanatoka, si yanapojaa. Shusha upepo hadi 18 kwenye kipimo cha psi, weka gia namba 1 au 2, zima kitufe cha VDC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) kama kipo, na usisimame kwenye mchanga laini. Likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Kukanyaga kunachimba kaburi la tumbo. Chimba nyuma ya tairi, weka makuti au mbao, rudi kwa nyuma kwenye njia uliyokuja nayo.

Taa ya joto la oili ya gia ikiwaka, simama, acha injini iwake kwenye P mpaka taa izime. Beba pampu ya kurudishia upepo, na siku hiyohiyo osha chini kwa maji yasiyo na chumvi.

19. Na tope la masika?

Mchanga mwekundu wa Newala na Tandahimba linapita vizuri, kwa sababu hapo kinachotakiwa ni mshiko. Udongo mweusi wa mbugani ni habari nyingine: unajaza kashata, tairi zote nne huzunguka bure na gari hukaa kwa tumbo. Magurudumu manne ya Subaru otomatiki hayana gia ya nguvu wala kufuli la difu. Nangurukuru kwenda Liwale kwenye mvua, panda Land Cruiser ya watu.

20. Maji yakikatiza barabara?

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu pale Somanga, kwa hiyo swali hili si la kinadharia. Kipimo ni nusu ya gurudumu, maji yametulia na umeona wengine wakipita. Difu zikiwa za moto na zikaingia ghafla kwenye maji, hufyonza maji kupitia tundu la pumzi. Siku inayofuata fungua nati ya kujazia. Oili ikiwa rangi ya maziwa, badilisha.

21. Chumvi ya bahari inalila wapi?

Ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, vikombe vya shokapu za nyuma, na mabomba ya breki. Anayelaza gari Shangani au Mikindani apulize nta ya kuzuia kutu mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Ukivuka Msangamkuu kwa pantoni, panda kwa mshazari. Bampa ya Impreza ni fupi.

22. Vumbi linaingia ndani hata vioo vikiwa juu.

Milango ya Subaru za miaka hii haina fremu ya kioo, kioo kinaegemea raba tupu. Safisha raba, paka grisi ya silikoni, na mwambie fundi arekebishe kioo kiegemee ndani zaidi. Usifunge mlango kwa kushika kioo. Filta ya hewa ya injini ikung'utwe kila wiki wakati wa kiangazi.

23. Nifunge gesi?

Gesi ya Msimbati na Songosongo inatoka kwetu, lakini vituo vya kujazia magari vingi viko Dar. Mtungi nao unameza buti, yaani sababu yenyewe ya kununua wagoni. Zaidi ya hapo, gesi hula viti vya vavu, na nafasi za vavu zitahitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Kwa anayeishi huku, bado.

24. Naweza kubeba korosho?

Gunia mbili za kilo 80 pamoja na dereva na abiria mmoja, sawa. Tatu, nyuma inakaa na bushi zinaanza kulia. Abiria wanne na gunia juu ya keria, hapana. Lalisha viti, sukuma mzigo mbele ukaribie viti vya dereva.

25. Na salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho?

Ukiweza, ipande kwenye pikapu. Buti ya wagoni na chumba cha abiria ni hewa moja, vumbi la salfa linachoma macho na kifua, na likikutana na unyevu wa pwani linakula bati na nyaya zilizo chini ya zulia. Ikibidi, funga kila mfuko wa kilo 25 ndani ya nailoni nzito, tandaza turubai, usichukue mtoto safari hiyo, shusha vioo na zima feni ya AC. Ukishusha, fyonza vumbi kavu kwanza. Ukianza na maji umeipeleka kwenye mashimo ya spea, na huko hutaiona mpaka sakafu itoboke.